Tulipwelewa Siku ya Nikahi

Kosa ni langu, nalisema mwanzo ili nisiulizwe mwisho. Siku binti yangu Johari anaolewa, mimi baba yake nilimchukua mkwe wangu kwenda kumwonyesha viboko.

Mkwe mwenyewe ni Mzee Nassibu, baba wa bwana harusi, mtu wa Tabora. Alikuwa amepanga gesti pale Kibiti wiki nzima kabla ya nikahi na hakuwa na kazi ya kufanya. Nikamtembeza. Tulikwenda darajani karibu na Ikwiriri akauona mto, tukaenda Utete, tukazunguka soko la Kibiti mpaka wauza ufuta wakamjua jina. Kila jioni aliuliza kitu kilekile, delta lini, kule mto unakoingia baharini, maana hajaonja maji ya chumvi toka azaliwe. Asubuhi ya harusi wanawake walitufukuza uani, nikaona twende tu. Nikahi ilikuwa baada ya Alasiri. Saa saba tungekuwa tumerudi.

Huku kwetu maji tunayajua kwa mwezi. Ukijua leo mwezi ngapi, unajua yanajaa saa ngapi na yanaanza kutoka saa ngapi, na kila siku yanachelewa karibu saa nzima. Nimeendesha boti miaka ishirini na tano kwa hesabu hiyo. Lakini wiki mbili za shughuli nilikuwa Kibiti, mbali na maji, na hesabu ikanipotea. Tukiwa kwenye bodaboda kuelekea Nyamisati, bandarini ninakofunga boti yangu, nikamuuliza mkwe leo mwezi ngapi. Akajibu bila kufikiri, ishirini na moja.

Kwa mwezi ishirini na moja maji yanajaa saa tatu. Saa nne na nusu tulikuwa ndani ya kijito chembamba, mikoko huku na huku. Viboko watano tulikuwa tumewapita nyuma, na mkwe alikuwa bado anarekodi kwa simu, anawasimulia watu wa Tabora kama yuko redioni. Nikatazama mizizi ya mikoko. Ilikuwa imetokeza zaidi ya nilivyotarajia. Niligeuza boti, lakini hatukufika mbali. Ilikwaruza, ikasimama. Tumepwelewa, maji yametuacha. Nikashika upondo, nikainama kusukuma, na simu yangu ikachomoka mfukoni ikazama topeni.

Nilimuuliza mkwe kwao mwezi waliuanza lini.

"Pamoja na Makka," akasema. "Tulivyosikia tu umeonekana, tukaanza."

"Sisi tulingoja tuuone kwa macho yetu. Tulianza kesho yake."

"Sasa leo ni ngapi?"

"Ishirini. Maji yalijaa saa mbili, si saa tatu. Yalianza kutoka kabla hatujaingia humu."

Akasema basi kosa ni la mwezi wetu. Nikamwambia maji ya Rufiji hayakusikia tangazo lake.

Kutembea haikuwezekana. Tope lilikuwa la kiunoni, na viboko walikuwa kwenye njia ya kutokea. Maji yangetuinua saa kumi na moja na nusu, si kabla. Shekhe alikuwa na nikahi nyingine Ikwiriri jioni hiyo, na Sufiani, bwana harusi, alikuwa na tiketi ya basi la alfajiri, yeye na mkewe. Bila mimi kumwozesha binti yangu, au kumwakilisha mtu, yaani kumpa idhini amwozeshe kwa niaba yangu, hakuna nikahi.

Simu ya mkwe ilibaki na chaji asilimia nne. Video za viboko zilikuwa zimeila. Ukisimama kwenye omo, pale mbele ya boti, unapata mtandao kidogo. Akampigia Sufiani, ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, vilevile. Zikabaki asilimia mbili. Namba nyingine ya Kibiti hakuwa nayo.

Mimi kichwani nina namba mbili tu, yangu na ya kaka yangu Mwinjuma. Tulinunua laini siku moja, zinapishana tarakimu ya mwisho. Miaka minne hatusemeshani. Mtoto wake alipofariki, alisimama mbele ya waombolezaji akasema mke wangu Rukaiya ndiye aliyemroga. Harusini alikuja tangu asubuhi kwa sababu ni mkubwa wa ukoo. Alikaa kiti cha mwisho, hakumsalimia mtu.

Nilikaa na ile simu mkononi nimeizima. Saa nane ikapita. Jua lilitupiga, kaa wakatoka kututazama. Mkwe hakunihimiza, ila kila mara alitazama kivuli cha upondo. Saa tisa na nusu nikasimama omoni, nikaiwasha, nikapiga.

"Nani?"

"Mimi Maneno, mdogo wako."

Nikasikia sufuria na watu. Nikamweleza haraka tulipo, kisha nikasema lililonipasa kusema: "Nakuwakilisha umwozeshe binti yangu Johari kwa Sufiani bin Nassibu, kwa mahari waliyokubaliana."

"Nikisimama mimi, Rukaiya atakubali?"

"Kamuulize mwenyewe. Ulimsema mbele ya watu, kamuulize mbele ya watu."

Simu ikazima. Sijui alisikia mpaka wapi.

Mkwe akaniuliza kama amekubali. Nikamwambia sijui. Akatawadha kwa maji ya chupa, akaswali amekaa, na mimi nikafuata. Maji yakaanza kurudi. Nilihesabu mizizi ikimezwa mmoja mmoja, na kila mmoja niliona umechelewa.

Tulifika Nyamisati wakati wa Magharibi. Nikaazima simu ya muuza kahawa, nikapiga namba ileile. Akapokea Rukaiya.

"Njooni mle," akasema.

"Johari?"

"Kaolewa tangu saa kumi na nusu. Shekhe keshaondoka."

Nikamuuliza simu ya Mwinjuma imefikaje kwake.

"Yuko hapa uani, anakula nilichompakulia," akasema. "Mikono yake ina mchuzi."