Majibu ya Bibi Cherehani

Maneno yenyewe aliyaleta muuza mkaa, na wala hakuyaleta kwa ubaya. Alitua gunia mlangoni, akajifuta jasho, akasema, "Mama Wawili, mnauza nyumba na majirani hatuambiwi? Juzi wanaume wawili walikuwa huko nyuma na utepe, wanapima ukuta. Mmoja akamwambia mwenzake, 'Huyu bibi akishasahau kila kitu, kazi itakuwa rahisi.'"

"Ulisikia wewe, kwa masikio yako?"

"Aa, mimi nimeambiwa na fundi viatu."

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mama Wawili alijiambia ni porojo tu, akafua, akapika, akawapeleka binti zake shule, lakini yale maneno yalimganda kama kupe. Nyumba ilikuwa ya mama yake, Bibi Cherehani, aliyeijenga kwa kushona sare za shule miaka thelathini. Watoto aliowazaa ni wawili: kaka mkubwa anayeishi mji mwingine, na yeye, aliyerudi kwa mama na mabinti wawili mkononi baada ya ndoa kuvunjika. Hakuwa na pengine pa kuwalaza. Na mama alikwishasema mara nyingi, tena bila kuulizwa: "Nyumba hii nakuachia wewe. Kaka yako ana yake." Kusema alisema. Kuandika hakuandika.

Na sasa Bibi alikuwa anasahau. Alianza kwa kutafuta miwani iliyo usoni pake, wakacheka. Ikafuata chumvi, mara tatu katika sufuria moja. Kisha akawa anamwita mjukuu kwa jina la dada yake yeye Bibi, aliyekwisha kufa. Watu wakiuliza, Mama Wawili anadakia, "Uzee tu huo, hajambo kabisa." Kaka akipiga simu anaambiwa mama kalala. Aliogopa kwamba wale wenye utepe wametumwa na kaka, na siku kaka atakapojua, nyumba imekwenda. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hilo alilijua, ila alidhani anaficha kwa siku chache tu, mpaka wosia uandikwe.

Akaomba miadi kwa wakili, mama mmoja mwenye ofisi juu ya duka la dawa. Karani akamwambia kwenye simu, "Mlete mama mwenyewe. Wakili atamuuliza maswali machache, aone kama ana akili timamu."

Maswali! Hapo ndipo Mama Wawili alipopotea njia. Alichukua daftari la mwanawe, akaandika maswali saba na majibu saba. Jina lako nani. Una miaka mingapi. Leo siku gani. Una watoto wangapi. Una mali gani. Unamwachia nani. Kwa nini. Kila asubuhi wakichambua maharage, yeye anauliza, mama anajibu.

"Mama, la sita?"

"Jumanne."

"Hilo la tatu, mama! Tena."

"Mwanangu, huyo wakili anataka kuniandikia wosia au anataka kunioa?"

Wakacheka mpaka maharage yakamwagika. Lakini wakarudia. Wiki mbili nzima wakarudia, mpaka siku moja Bibi akajibu yote bila kukosa, na binti akampigia makofi: "Saba kwa saba!"

Jumanne ya miadi ikafika. Wakili akamshika Bibi mkono, akamkalisha. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Dada, wewe tusubiri nje."

Mama Wawili alishtuka. "Lakini mimi ndiye ninayemwelewa."

"Ndiyo maana nakuomba utoke."

Akatoka, akakaa kwenye benchi. Ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba, kila neno likapita.

"Bibi, ngazi zetu hazikukuchosha?"

Bibi akataja jina lake kamili, pamoja na la baba yake.

"Vizuri. Nani amekuleta leo?"

"Sabini na nane."

"Na gauni hili zuri, umeshona mwenyewe?"

"Jumanne."

Mama Wawili aliegemeza paji la uso ukutani. Gauni lile! Angeachwa ajibu kwa akili yake mwenyewe, Bibi angemweleza wakili pindo, mshono na bei ya vifungo mpaka ofisi ifungwe.

"Bibi, huu si mtihani," wakili akasema taratibu. "Hebu niambie tu, nyumba yako unataka iweje?"

"Nyumba-namwachia-binti-yangu-kwa-sababu-ndiye-anayenitunza." Pumzi moja, kama mtoto anayeimba hesabu za kuzidisha. Kisha akapaza sauti kuelekea mlangoni: "Mwanangu! Nimepata ngapi?"

Wakili akaweka kalamu chini.

"Ndivyo anavyotaka!" Mama Wawili alikuwa ameshaingia, amemshika wakili mkono kwa mikono yote miwili. "Haki ya Mungu, alisema mwenyewe tangu zamani."

"Huenda. Lakini leo nimesikia maneno yako kwa mdomo wake. Wosia huu ukipingwa mahakamani utachanika kama karatasi mbichi."

"Nina mabinti wawili, dada yangu. Nitawalaza wapi?"

"Sheria haimdai mzee tarehe. Inataka ajue ana nini, wanawe ni nani, na anataka nini, kwa maneno yake mwenyewe. Ungemleta alipoanza tu kusahau, tungemaliza kwa nusu saa." Akaandika barua. "Mpeleke kwa daktari. Akithibitisha kuwa ana akili timamu, mrudi. Na usimfundishe kitu."

Hospitali iliwapa tarehe ya wiki tano mbele. Katika wiki hizo Bibi aliteremka kama mtu anayeteleza kwenye matope. Alisahau choo kilipo. Alivaa kanga juu ya kanga juu ya kanga. Mama Wawili aliomba apate japo asubuhi moja nzuri, na asubuhi nzuri zilikuja, lakini hazikuja siku ya daktari.

"Bibi, huyu aliyekuleta ni nani wako?" daktari akauliza.

Bibi alimtazama binti yake kwa muda mrefu, akatabasamu kwa heshima.

"Ni mwalimu," akasema.

Barua ya daktari ilikuwa mistari mitatu. Wosia hauwezekani tena. Siku mama akifumba macho, nyumba itagawanywa, na kaka akitaka nusu yake iuzwe, itauzwa.

Jioni ile alimpigia kaka, akamweleza yote. Kaka akauliza, "Kwa nini hukuniambia mama anaumwa?" Habari ya wale wenye utepe Mama Wawili hakuthubutu kuigusa. Mpaka leo hajui kama walikuwepo.

Wewe mwenye mzazi mzee, epuka haya:

Usingoje aanze kusahau. Mpeleke kwa wakili akiwa bado anakugombeza.

Usimfundishe majibu, hata moja.

Usimjibie. Ukiambiwa utoke, toka.

Usitosheke na "alisema mbele yetu sote." Iandikwe, na mashahidi wawepo.

Usiwafiche ndugu zako ugonjwa wa mzazi wenu.

Usiamini habari ya mdomo wa tatu kabla ya kumuuliza mwenyewe unayemshuku.