Bawa la Mninga

Mzee Randa alikuwa haambiliki, na hilo mtaa mzima uliolala kwenye vitanda vyake ulilijua. Ukimwagiza kitanda chepesi, wewe mtu wa kuhamahama, atakuletea dude la kubebwa na wanaume wenye vifua, na ukilalamika atakuuliza kama ulitaka kitanda au ulitaka mkeka. Lakini vitu vyake havikuvunjika. Watu walimcheka, kisha wakarudi kuagiza vingine. Na mtu wa namna hii, jamani, ndiye aliyejikuta amekaa mbele ya boksi la ndege ya mbao, tena mbao zile laini ziitwazo balsa, ambazo ukizigusa kwa ukucha zinabaki na alama.

Ndege ilikuwa ya mwanawe. Mtaani walimwita Rubani tangu akiwa mdogo, maana ikipita ndege juu alikuwa anaacha kila kitu, hata maziwa jikoni yafurike, na mama yake alimchapa kwa hilo mpaka akachoka. Alipokua akawa fundi pamoja na baba yake, lakini ndege hakuziacha. Aliagiza moja ya kuunga mwenyewe, ya kurusha kwa rimoti. Boksi lilipofika, yeye alikuwa hospitali, amelazwa chali, shingo imefungwa haigeuki.

Alianguka darini. Yeye na baba yake walikuwa wanabadilisha dari kwenye nyumba kuukuu ya mteja, na Rubani aliitazama boriti moja akasema, "Baba, hii imeliwa ndani. Tuiwekee nguzo kwanza." Mzee akaigonga kwa nyundo, akatega sikio, akasema, "Nzima hii. Panda, usinipotezee siku." Kijana akapanda. Basi. Hakuna zaidi ya hapo, na mzee alikuwa anairudia kichwani kila siku kana kwamba akiirudia vya kutosha siku moja boriti itasimama.

Kilichobaki kwa Rubani ni kichwa, mabega, mikono ya kuvuta kidogo, na vidole gumba viwili ambavyo kwa maajabu ya Mungu vilikuwa vinasikia amri. Na alipotoka hospitali aliacha kusema "baba". Hakumtukana, la. Akitaka maji alimwambia mama. Mzee ndiye aliyekuwa akimgeuza kitandani asipate vidonda, kwa sababu mama hakuwa na nguvu hizo. Na muda wote wa kugeuzwa Rubani alikuwa anautazama ukuta.

Aliyelifungua boksi ni fundi simu, rafiki wa Rubani wa kufa na kuzikana. Alitoa rimoti, akaigeuza geuza, akasema, "Kaka, hii ni ya vidole gumba tu. Ona. Hiki mwendo, hiki usukani." Kesho yake akaleta kompyuta yenye mchezo wa kurusha ndege, akaichomeka rimoti humo, akaiweka kwenye mapaja ya mgonjwa. Siku za kwanza ndege ya kwenye kioo ilikuwa inajikita ardhini kila ikipaa. Baadaye ikaanza kuzunguka, kulala upande, kutua bila kudunda. Mama alisimama mlangoni na sufuria mkononi, akamsikia mwanawe anacheka. Alirudi jikoni akalia kimyakimya asije akaharibu.

Sasa, nani ataiunga ya kweli? Fundi simu mikono yake ilizoea skrubu za ukubwa wa sisimizi, mbao hakuzijua. Mzee alikuwa amesimama nje ya mlango, akakohoa.

"Mimi nitaiunga."

Rubani akamwangalia rafiki yake, si baba yake. "Mwambie atafanya ninavyosema mimi. Si anavyojua yeye."

"Amesikia, kaka," fundi simu akajibu. "Yuko hapo hapo."

Walitandika mchoro juu ya meza ya kulia chakula, wakaufunika kwa plastiki inayopitisha macho, mzee akawa anazipanga mbavu za bawa juu yake na kuzibana kwa pini moja moja. Rubani aliegemezwa kwenye kiti chake cha magurudumu, akawa anaamuru. Mzee wa watu, miaka yote ya kuamrisha vijana karakana, leo anaambiwa shika hivi, acha, tone moja tu la gundi. Vidole vyake vilikuwa vinene kwa kazi hiyo. Ubavu wa kwanza aliuvunja kwa kuushika tu.

"Hii si mbao," alinung'unika. "Hii ni mkate."

"Ndivyo inavyotakiwa. Nyepesi."

"Na ikianguka?"

"Ikianguka inavunjika, tunaunga nyingine. Ikiwa nzito haipai, na isiyopaa haina maana. Usiongeze kitu. Umenisikia? Hata njiti."

"Nimekusikia."

Kazi ilikwenda. Mchana mmoja, mzee akiwa anausukuma uti wa bawa, ule ufito mrefu unaobeba mbavu, kwenye nafasi zake, alibonyeza kwa nguvu za kitanda, na Rubani akaropoka, "Baba, taratibu!" Neno likatoka lenyewe. Mzee akauweka uti mezani, akasema vumbi limemwingia machoni, akatoka uani, akajipangusa kwa shati, akakaa juu ya gogo mpaka alipoweza kurudi. Kuanzia siku ile neno lile likaanza kurudi, leo mara moja, kesho mara mbili, na mzee akawa anaamka asubuhi akilingoja.

Na hapo ndipo uharibifu ulipoanza. Mtu mwenye kitu chake kimoja tu duniani huwa mwoga, na mzee alikuwa mwoga kupita kiasi. Bawa lilipokamilika mifupa, alilipeleka karakana nyuma ya nyumba kulipiga msasa, kwa kuwa vumbi lilimbana Rubani kifua. Akaliweka kwenye benchi. Akaligusa huku na huku, likapinda. Akaiona kichwani ndege inaanguka, vipande vimetapakaa, na mwanawe anaugeukia ukuta tena, na safari hii hageuki. Kilicho na nguvu hubaki. Maisha yake yote alikuwa hajui ukweli mwingine zaidi ya huo.

Akachukua kipande cha mninga, mbao ngumu na nzito, kilichobaki alipounga kabati la mteja. Akakipasua, akakipiga randa mpaka zikatoka fito mbili nyembamba, nzuri, zilizonyooka. Akazigundisha kwenye uti wa bawa, juu na chini, kutoka ncha hadi ncha. Akafunika kwa ngozi ya balsa kama mchoro ulivyotaka. Fundi huyu alikuwa fundi kweli, ukitazama hungeona kiungo. Akalipinda tena bawa, halikupinda, na moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza tangu siku ya darini.

Wewe unayesoma unajua alichokifanya. Yeye aliona ni mapenzi.

"Umelipima?" Rubani aliuliza lilipoingizwa ndani.

"Nimelipima."

"Mizani inasemaje?"

"Sawasawa na karatasi yao."

Hakupepesa hata kope. Mama akalivalisha bawa plastiki nyekundu kwa pasi ya moto mdogo, akiimba. Fundi simu akafunga mota, betri na waya za usukani. Alipoinyanyua ndege nzima alisema, "Nilidhani itakuwa nyepesi zaidi," na mzee akadakia haraka, "Betri hiyo." Wakaipima mizania kwa kuiinua na ncha za vidole chini ya bawa, ikakaa sawa, pua imeinama kidogo kama inavyotakiwa, mninga ulikuwa umelala palepale kwenye uti, haukuvuta mbele wala nyuma. Rubani akafurahi. "Baba," alisema, "mikono yako imeweza." Mzee akasema ahsante.

Walikwenda kwenye kiwanja cha shule wakati wa likizo, asubuhi, jua likiwa changa. Hakukuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Mama alibaki nyumbani, alisema roho yake haitaweza. Fundi simu akaweka rimoti kwenye mapaja ya Rubani, akavipanga vidole gumba mahali pake. Mzee alipewa kazi ya kuirusha: akimbie, aisukume mbele, aiachie.

"Tayari, baba?"

"Tayari, mwanangu."

Mota ikalia. Mzee akakimbia na miaka yake yote, akaiachia. Ndege ikazama, karibu iguse nyasi, ikainuka. Ikapaa! Nyekundu, juu ya goli, juu ya paa la madarasa, na Rubani akapiga kelele ambayo haikuwa neno. Mzee alisimama katikati ya kiwanja mikono ikiwa bado imenyooka, anacheka peke yake.

Lakini ilikuwa inapaa kwa kuhema. Mota ililia kwa sauti ya kuelemewa, pua imeinuka, mwendo hakuna. Rubani akaigeuza irudi. Ikalala upande, ikasita, na bawa la upande ilikogeukia likakatika pumzi. Ndege ikajizungusha ikashuka kichwa mbele. Vidole gumba vilivuta mpaka kucha zikawa nyeupe. Ikajikita kwenye lami ya uwanja wa mpira wa kikapu, na mlio wake ulikuwa mdogo tu.

Mzee akaenda kuiokota. Pua ilikuwa imesagika, kiwiliwili kimepasuka katikati, mkia umeng'oka. Bawa lilikuwa zima. Halikuwa na ufa hata mmoja.

Aliporudi, Rubani alikuwa anavitazama vidole vyake.

"Ni upepo, kaka," fundi simu alisema.

"Hakuna upepo. Ni mimi." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyemaliza hesabu. "Kwenye kompyuta ni mchezo tu, unakusamehe. Hii nimeivuta haikuja. Vidole navyo vimekufa. Izime rimoti. Iuze, mpe mtu mwenye mikono."

"Kaka, usiseme hivyo."

"Baba," Rubani akaita, na akageuza uso kumtazama, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu hospitali. "Usijisumbue. Wewe umeiunga vizuri. Ona bawa hilo. Hukukosea kitu."

Haya. Mzee alisimama na bawa kwapani. Angenyamaza tu, angekuwa baba siku zote. Mwanawe alikuwa amemsamehe pale pale, mchana kweupe, kwa mdomo wake. Kilichotakiwa ni kufunga kinywa na kuupokea msamaha. Rafiki asingejua. Mama asingejua. Na Rubani angerudi kitandani akiamini kwamba hata vile viwili alivyobakiziwa ni maiti, na rimoti isingeguswa tena. Mzee aliona yote mawili waziwazi, na hakika alitamani kunyamaza.

Akaliweka bawa gotini alivunje. Likakataa. Alilifanya yeye lisivunjike. Akajaribu tena, uso umemjaa jasho, fundi simu akadhani mzee amerukwa na akili. Ndipo akatoa kisu mfukoni, akaichana plastiki nyekundu, akaichana ngozi ya balsa, akaupitisha mkono ndani na kuung'oa ufito wa mninga mzimamzima. Akaulaza kwenye mapaja ya mwanawe, kando ya rimoti.

"Huu niliuweka mimi. Upo na mwingine chini. Uzito nilikudanganya. Vidole vyako havina kosa, mwanangu. Ungekuwa hata na mikono kumi isingerudi."

Rubani aliutazama ufito. Kidole gumba cha kulia kikasogea, kikautelezea, ulikuwa laini, umepigwa randa vizuri.

"Nilikwambia usiongeze."

"Uliniambia."

"Na ile boriti nilikwambia."

"Uliniambia."

Machozi yalimtoka kijana bila sauti, na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Mzee akanyoosha wake. Rubani akakwepesha kichwa kadiri shingo ilivyomruhusu, nayo ilimruhusu kidogo sana, lakini mkono wa mzee ulisimama hewani.

"Uliona nilivyoigeuza?" Rubani alimuuliza rafiki yake.

"Niliona. Ilikutii mpaka ilipokosa nguvu."

"Basi usiiuze rimoti. Nisukume twende."

Mzee alifuata nyuma yao na mabaki kwenye boksi. Getini mama aliuliza kama imeruka, na Rubani akamjibu, "Imeruka, mama. Niliirusha vizuri," na mama akapiga kigelegele mpaka alipouona uso wa mumewe.

Saa ya kumgeuza ilipofika, mzee akanawa mikono kama kawaida yake, akaenda chumbani. Fundi simu alikuwa ameshainama kitandani, amekunja mikono ya shati.

"Anza na bega," Rubani alikuwa anamwelekeza. "Mkono mmoja begani, mwingine kwenye nyonga. Usinivute, nibingirishe. Goti liwekee mto. Hapo. Ndivyo hivyo."

Ndivyo hasa mzee alivyokuwa akifanya, hatua kwa hatua, na alisimama pale kizingitini akiisikiliza kazi yake ikifundishwa mtu mwingine. Mkewe akaja kutoka ndani ya chumba, akamwekea kiganja kifuani, akamrudisha nyuma taratibu, akafunga mlango.