Kunja Kwanza

Duka la Mjomba lilijaa nyaya za kila namna: za shaba za mafundi umeme, za miiba za kuzungushia viwanja, nyembamba kama uzi za kutungia shanga. Hizo hata kipofu angezitofautisha. Kazi ilikuwa kwenye koili mbili za karibu na mlango, rangi moja, unene mmoja. Moja ilikuwa ya waya laini wa kufungia, nyingine ya waya mgumu wa kutundikia. Ukikunja ncha, mgumu hurudi, laini hukaa ulivyouacha.

"Kunja kwanza!" alimwambia kila mteja. Miaka ishirini hakuchoka, hadi wakambandika jina hilohilo. Alicheka nao, ila moyoni aliamini anampigia mbuzi gitaa.

Asubuhi moja alikuwa amejikata vidole, akavifunga kitambaa, kisha akatundika koili mpya kwenye misumari yake bila kuzikunja. Mtu mzima naye! Mpwa wake, fundi cherehani, akaja akanunua waya wa kutundikia rafu ya kuwekea cherehani yake ya zamani, chuma kitupu. Chini ya rafu hiyo ndipo kingelala kitoto chake cha miezi mitano.

Mchana kitambaa kilimkera, akakifungua. Akaingia mfugaji kuku, anataka waya laini. Mjomba akakunja ncha. Ikarudi. Akakunja tena, ikarudi tena. Koili zilikuwa zimekaa kwenye misumari isiyo yake, na mpwa wake amebeba laini.

Alitimka, duka akamwachia mfugaji kuku. Ndala moja ilibaki njiani, hakuirudia. Miguu yake ya miaka sitini na tisa ililalamika, naye akaitukana.

Aliingia bila hodi. Rafu ilikuwa ukutani, cherehani juu yake, na mtoto chini, kitandani kwake, amelala fofofo. Alimnyakua, mtoto akaangua kilio.

"Mjomba! Kuna nini?"

"Waya! Nimekupa laini!"

"Najua," alisema mpwa wake. "Niliukunja, haukurudi. Rafu nimeifunga kwa ule mgumu uliobaki mwaka jana. Wako nimefungia mkono wa ndoo."

Mjomba aliitazama ndoo ile kama ndugu aliyerudi kutoka safari. Akakaa sakafuni, mtoto kifuani.

"Kumbe huwa unanisikiliza?"

"Redio haizimwi, Mjomba. Nitaachaje kuisikia?"

Akacheka mpaka machozi yakamtoka, na si yote yalikuwa ya kicheko. Ahueni aliyoipata siku ile hakuwahi kuipata maishani. Mtoto naye alinyamaza, akamshika ndevu.

Baadaye aliinuka, akaunyoosha mkono hadi kwenye ncha ya waya iliyochomoza chini ya rafu, akaikunja. Ikarudi. Akaikunja tena.

"Ni mgumu," alikiri. "Lakini kitanda kisogeze."