Kiti Ambacho Hakijakaliwa

...na kila akijisogeza nailoni iliyofunika kiti cha gari inalia chini yake, chrrr, kama mtu anayekunja karatasi katikati ya misa, basi Noélie akatulia, mkoba juu ya mapaja, mikono juu ya mkoba, maana mwanawe Aubin amemwambia usiitoe mama, nimeiacha makusudi, nimeendesha peke yangu toka uwanja wa ndege na kiti hicho sijaweka hata begi, wewe ndiye wa kwanza, kisha akamfungia mlango, mlango ukajifunga polepole, pup, kama kifuniko cha sufuria nzuri, na dunia ikabaki nje, nje uani ambako wanawe wawili wamesimama juani wanaongea, Bikira Maria, tangu walipomzika baba yao hawa hawajaongea, Aubin huko Kanada na Fulcrand hapa na mizabibu yake, na leo wanaongea, wanaongea habari za gari. Na harufu gani hii, si mpira, si ngozi, ni harufu ya kitu ambacho bado hakuna mtu aliyekikasirikia, alidhani atakufa bila kuinusa, yeye aliyelala ndoa yake yote kwenye kitanda cha mama mkwe, akaolewa na gauni la dada yake Eulalie, na hata mume, tuseme ukweli, hata Sylvestre alikuwa mchumba wa Eulalie kwanza, ndiyo maana Eulalie mpaka leo akija anakaa upande wa mlangoni na supu haigusi... na sasa amewekewa kiti. Asilainike. Asubuhi aliapa asilainike, ameandaa meza, sahani yake na ya Fulcrand, ya Aubin ameiacha kabatini, kwa sababu ya Aubin alishawahi kuiweka, siku ile ya maziko, ukoo mzima umekaa, kondoo na maharage, mkate umekatwa, na Aubin akaingia koti mkononi, mama samahani, gari la kukodi hili, lazima lifike kaunta kabla hawajafunga, likichelewa wananihesabia siku nyingine, akambusu kwenye paji la uso, huyoo, vumbi, na Fulcrand akasimama na kisu cha mkate akasema mbele ya watu, huyu hakuja kuzika, huyu alikuja kurudisha gari, watu wakainamia vyakula vyao, na sahani ya Aubin, ameifunika Noélie mwenyewe, ikakaa mezani mpaka mafuta yakaganda, na nani aliyeiosha, yeye.

“Sasa hili umelikodi mpaka lini, Jumatatu?” sauti ya Fulcrand inapita kwenye kioo kama ya mtu aliye ndani ya pipa, na Aubin, “Sijakodi, kaka,” “Ahaa, umenunua,” “Sijanunua,” “Basi umeiba, maana huko Kanada sijui wanawafundisha nini,” na Aubin akacheka, kicheko cha baba yake kilekile cha puani, kimepita wapi miaka yote hii kicheko hicho, kimevuka bahari kikarudi na afya yake... na akaanza kueleza, mikono hewani, kwamba hili ni la kuchukua kwa muda, limetoka kiwandani kwa jina lake, jina lake liko kwenye kadi ya gari, bima yote humohumo, likikwaruzwa ukutani hakuna wa kumfokea, na muda ukiisha analirudisha, kiwanda kinaliuza kwa mwingine, kwisha, “la kukodi kaka limepita kila mkono, kila asubuhi linakukumbusha kwamba si lako,” na Noélie akatazama ile saa ya gari inayowaka bluu, kimya, haidai kitu, akawaza, kitu kipya namna hii, kina jina lako, na tayari kina siku yake ya kurudishwa, na wewe unakifuta vumbi hivyohivyo, unakipenda hivyohivyo, nani aliyewaza jambo kama hili, lakini si ndivyo yeye alivyopewa Aubin pia, kule chumba cha juu, chenye dirisha lile lililozibwa kwa gazeti, wakamwekea kifuani, mpya, na harufu yake, hakuna mtu aliyewahi kumkasirikia... asilainike. Na zile namba. Namba nyekundu mbele na nyuma, jirani yake Sidonie hakusubiri hata gari lizimwe, kichwa juu ya ukuta, “Noélie, hizo nyekundu ni za wapita njia, wanawapa wageni,” akalisema neno wageni kama anampa pole, na likamchoma, likamchoma hapa, mtoto aliyemzaa kwenye chumba kile, ameandikwa mgeni kwa rangi inayoonekana toka barabarani.

“Basi na mimi nikachukue langu,” Fulcrand huyo, “Hawakupi,” “Hawanipi kwa nini, mimi Mfaransa, ushuru nalipa,” “Ndiyo sababu yenyewe, wanampa anayeishi nje ya Ulaya, wewe ni mwenyeji,” “Na kuliendesha?” “Hata kuliendesha,” halafu, ooh, hilo analijua, shingo ya Fulcrand inaanza kuiva toka kwenye kola kwenda juu, hivyohivyo iliiva siku ya kisu cha mkate, “Yaani gari limekaa kwenye uwanja wa baba yangu, mimi nisiguse usukani,” “Usiguse, kaka,” na Noélie akaubana mkoba, sasa hivi, sasa hivi huyu atasema na yule ataingia ndani ya gari, na yeye yumo, ataondoka naye akiwa na aproni, “Itabidi nikuendeshe mimi,” Aubin anasema, “popote unapotaka,” “Mimi saa kumi na moja alfajiri nataka kuwa mizabibuni,” “Basi saa kumi na moja,” “Wewe? Wewe uliyekuwa ukiamshwa kwa ndoo ya maji?” “Ndoo si ipo?” “Ipo, imetoboka,” na shingo ikaacha kuiva, inashuka, anaiona inashuka. “Na wewe Mkanada utalirudisha lini hili dude?” “Zabibu zikiisha,” “Zikiisha kuiva?” “Zikiisha kuvunwa. Mtu wa siku mbili hizi namba hawampi, wanamwambia akakodi, hizi lazima uchukue wiki na wiki.” Wiki na wiki. Kumbe mpita njia gani huyo, anayepita taratibu hivyo, kumbe ile rangi Sidonie ameisoma nusu, inasema mgeni, ndiyo, lakini inasema mgeni asiyekimbia... akainua macho kutafuta barabara, maana tangu aketi amejikaza kwa ajili ya barabara, geti, vumbi, yote yaleyale, na barabara haipo. Mbele ya kioo upo ukuta wa stoo ya mvinyo, karibu hivyo angeweza kuugusa, pete ya kufungia nyumbu wa Sylvestre, mjusi kwenye pete. Pua ya gari iko ukutani. Na hapa kijijini kila mtu anajua, Sylvestre alikuwa hahitaji kuuliza, gari likiingia anachungulia tu, pua ikitazama geti anasema usiweke maji motoni, huyu anaondoka, na siku ya maziko lile la kukodi lilitazama geti, tairi za mbele zimeshakunjwa kabisa, alilipita akifuata jeneza akaliona, akajua, akaweka sahani hata hivyo... na hili limeingizwa mpaka mwisho, mpaka ukutani, kama la Fulcrand pale kando, mawili yameinamia ukuta kama ng'ombe kwenye hori, na yeye alikuwa anatazama nini muda wote huu. Sahani ya Aubin iko kabatini chini ya bakuli la saladi, itakuwa na vumbi, itabidi aisuuze kwanza. Nje bado wanabishana, sasa ni mafuta gani linakula, Fulcrand anasema hivi, Aubin hivi, hakuna anayekuja kumfungulia na yeye hagongi kioo, akajisogeza kidogo tu, makusudi, nailoni ikalia.