Picha ya Tatu

Saa nne na dakika kumi asubuhi mzee aliingizwa kwenye chumba cha MRI akiwa amefungwa kwenye ubao, na vidole vya miguu yake yote miwili vilikuwa vinacheza. Mpiga picha aliviona. Aliandika kwenye fomu: miguu inasogea.

Mzee alikuwa fundi wa paa. Siku iliyotangulia ngazi iliteleza, akaangukia makalio. Eksirei ilionyesha pingili moja ya kiuno imebonyea kama mkate uliokaliwa. Kilichokuwa hakijulikani ni jambo moja: ilibonyea jana, au ilikuwa hivyo tangu alipoanguka mara ya kwanza, miaka sita iliyopita? Ikiwa ni ya zamani, angeketi kitini na kurudi nyumbani na vidonge vya maumivu. Ikiwa ni ya jana, na kano za nyuma zimechanika, hata kumketisha kungeweza kumpoozesha.

"Baba, una chuma chochote mwilini?"

"Sisi misumari tunaishika kwa meno, mwanangu. Niliyomeza sijaihesabu."

"Humu mna sumaku kubwa, baba; mzaha wa chuma hatuufanyi."

"Basi sina. Niliitema yote."

Mpiga picha alirudia kuitazama eksirei ya tumbo, hakuona msumari, akamsukuma ndani ya mashine. Binti wa mzee alibaki mlangoni, viatu vya baba yake mkononi.

"Dada, huo mgongo ni mbovu siku nyingi," alisema. "Baridi ikipiga kidogo tu, hatulali kwa malalamiko yake."

Picha zilitakiwa kuwa tatu. Ya kwanza ilitoka na ukungu kwa sababu mzee alikohoa. Ya pili ilitoka safi, na pingili, ingawa imebonyea, ilikuwa na rangi ile ile ya jirani zake. Lakini katika picha hiyo mafuta yaliyomo ndani ya mfupa na maji vyote hung'aa, na mfupa uliovunjika jana unaweza kujificha humo. Ya tatu ndiyo huzima mafuta, yakabaki maji peke yake. Mvunjiko mpya, uliojaa damu na maji, huwaka katika picha hiyo kama taa kwenye chumba cha giza. Huchukua dakika sita.

"Nitoe, mwanangu," sauti ya mzee ilitoka kwenye spika. "Mgongo unaungua."

"Dakika sita tu, baba."

"Sita zako ni sitini zangu."

Nje walikuwa wanangoja watu kumi na mmoja. Katika chumba kile, foleni ikiwa ndefu na mfupa ukionekana umetulia, picha ya tatu ilirukwa. Hakuna aliyewahi kutoa amri hiyo. Ilianza siku moja, ikawa mazoea, na mzoea kunyonga kuchinja hawezi. Mpiga picha alimtoa mzee, akampigia simu daktari msoma picha, ghorofa mbili juu.

"Rangi ya pingili inafanana na ya wenzake," alisema.

"Picha zimekamilika?"

"Zimekamilika."

"Basi ni ya zamani. Mketisheni."

Saa tano kasoro dakika tano, yeye na binti walimketisha mzee ukingoni mwa kitanda. Binti aliinama, akamvalisha viatu, akafunga kamba. Mzee aliguna kidogo, kama mtu aliyekumbuka kitu.

"Mbona hunivalishi viatu?"

"Nimeshakuvalisha, baba."

Mpiga picha alimlaza tena, wakamviringisha kama gogo, akamrudisha ndani. Safari hii alipiga picha ya tatu. Pingili iliwaka nyeupe ukingo hadi ukingo. Nyuma yake kano zilikuwa zimekatika, na kipande cha mfupa kilikuwa kimesukumwa hadi kwenye neva za uti wa mgongo.

Daktari msoma picha alishuka kwa ngazi. Hakutazama mfupa kwanza; alisoma saa zilizoandikwa pembeni mwa kila picha.

"Hii ni ya saa tano na dakika kumi na mbili. Simu yako ilikuwa saa tano kasoro kumi."

"Ndiyo, daktari."

"Uliniambia zimekamilika."

"Hazikuwa zimekamilika."

"Andika hivyo hivyo."

Aliandika, na saa zote mbili, akatia sahihi. Binti alikuwa amesimama nyuma yake muda wote huo.

"Dada, hiyo nyeupe ni nini?"

"Ni mvunjiko wa jana."

"Si mlisema ni wa zamani?"

"Tulisema kabla sijaangalia."

Binti alisogea upande wa pili wa kitanda, mpiga picha asiweze kumfikia.

Mzee alipelekwa upasuaji saa sita na nusu. Saa kumi na moja na robo jioni, wodini, daktari wa upasuaji alimfunua miguu, akamwambia ainue kidole gumba cha kulia. Hakikuinuka. Akamwambia cha kushoto. Hicho kilisogea kidogo, mara moja. Alipomwambia arudie, hakikusogea.