Mashine Zenye Sura ya Kuazima

Bisibisi alikuwa na mdomo, lakini pia alikuwa na mikono ya kuutetea huo mdomo. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye vyeti tu. Mtaani, sokoni, hata msibani, alikuwa Bisibisi, fundi wa kompyuta, mwanamke ambaye ukimletea mashine iliyokufa hakuulizi imekufaje. Anaigeuza, anaifungua, anapuliza vumbi, halafu anakwambia papo hapo: "Hii inapona," au, "Hii kazike, pole sana." Wateja walikuwa wanamnung'unikia wakiwa mbali na kumbembeleza wakiwa karibu. Na tusimsingizie jamani, mara nyingi alikuwa anapatia.

Karakana ilikuwa yake na kaka yake, mtu mpole wa sauti lakini mbishi ajabu. Kaka alishughulika na skrini na umeme. Bisibisi alishughulika na yote yaliyobaki. Siku hiyo ofisi moja ya bima ilikuwa imewapa bure kompyuta ilizozichoka, na wawili hao walikuwa wamezipanga sakafuni kama wagonjwa wa zahanati. Kongwe, lakini nzima. Feni zinakoroma, kibodi zimejaa makombo ya biskuti za makarani, betri za saa zimekufa kiasi kwamba ukiiwasha mashine inaapa bado ni mwaka ule wa zamani. Swali la zinakokwenda halikuwapo. Zinakwenda kwa shangazi, basi.

Shangazi, dada wa baba yao, ndiye aliyewalea tangu mama yao alipofariki, na aliwalea kwa vidole vyake. Alikuwa mpiga chapa wa ofisi, na alipostaafu akafungua darasa la upigaji chapa kwenye chumba cha nyuma cha ukumbi wa mtaa. Sasa taipureta zake zimechakaa, utepe wa wino hauonekani madukani hata wa dawa, na wanafunzi wameanza kuingia mitini mmoja mmoja. Mwenyekiti wa ukumbi alishamwambia, kwa adabu zote, kwamba darasa lisipofufuka kabla ya mwezi kwisha, chumba anapewa mtu wa saluni. Shangazi hakulalamika. Lakini Bisibisi alimjua. Mwanamke yule ukimnyang'anya darasa umemnyang'anya pumzi.

Kusafisha mashine hakukuwa na ubishi. Ubishi ulianza kwenye mfumo endeshi, ile roho ya kompyuta ambayo bila hiyo unabaki na sanduku la bati. Ndugu hao walikuwa wameipa mifumo hiyo majina yao wenyewe. Ule ambao kila ofisi na kila kibanda cha intaneti wanautumia waliuita Mzito. Ile ya bure, inayotengenezwa na watu wa kujitolea, waliiita Myepesi, yote kwa ujumla.

"Weka Mzito," kaka alisema. "Ndio ambao watu wanaujua."

"Kwenye hizi? Ukiuwasha asubuhi, picha inakuja wakati wa chakula cha mchana. Na toleo la zamani linaloweza kuenea humu limeshaachwa, matundu yake hayazibwi tena. Kirusi kimoja kikiingia na flashi ya mtu, darasa zima linalala chali."

"Kuna nakala zimevunjwa kufuli, nyepesi nyepesi..."

"Ebo! Shangazi yangu afundishe kwa kitu cha wizi? Koma, kaka."

Kaka akakoma, lakini kwa hilo tu. Wakachukua mashine mbili pacha, wakaweka Mzito huku na Myepesi kule, wakabonyeza vitufe vya kuwashia kwa pamoja. Myepesi ulikuwa tayari umefungua ukurasa mweupe wa kuandikia, na Mzito bado unazungusha kile kiduara chake na kuhema. Bisibisi alicheka hadi akakohoa. Kisha akaanza kuchagua ndani ya Myepesi wenyewe, maana ipo ya kila aina. Wa kwanza ulikuwa mrembo, lakini urembo wake ulimaliza kumbukumbu yote ya mashine. Wa pili ulikuwa mwembamba mno, skrini nyeusi na maandishi tu, na kaka akasema huo ni wa kutishia watoto. Wa tatu ndio ukapita. Ulikuwa mwepesi, mtulivu, na programu ya kuandikia barua ilikuwa humo humo.

"Sawa, umeshinda," kaka alisema. "Ila sura yake ngeni. Wale ni watu wazima, Bisi. Wengine wanaogopa hata kugusa kipanya. Wakiona kitu wasichokijua watatoka mbio."

Hapo ndipo Bisibisi alipopata lile wazo lake, na lilimpendeza tangu lilipomjia. "Watakiona wanachokijua," alisema. "Nitauvalisha."

Akauvalisha kweli. Akaweka picha ile ile ya nyuma, kitufe kile kile kwenye kona ile ile, rangi zile zile. Programu ya kuandikia akaibandika alama ya ile maarufu, na jina lake pia. Mafaili akayachorea bahasha ya njano kama ya Mzito. Hata ule mlio wa kuwaka aliutafuta akautia. Alipomaliza, kaka aliitazama mashine kwa muda, akaguna. "Mh! Hata mimi ungenidanganya." Bisibisi kichwa kikamvimba hapo hapo.

Sasa, karakana ile ilikuwa na desturi yake. Hakuna mashine iliyotoka kabla ya kuchezewa na mtu asiyejua kitu. Kwa kawaida aliitwa mshona viatu wa jirani, anaketi, anaandika jina lake, anafunga, kisha anaambiwa alitafute. Akilipata, mashine inaondoka. Siku hiyo kaka alipotaka kumwita, Bisibisi alimzuia.

"Mwache mzee wa watu ashone. Nimezijaribu mwenyewe."

Ni kweli alizijaribu. Alibonyeza kila kitu na kila kitu kilimtii, kwa sababu yeye ndiye aliyejua nyuma ya kila picha kuna nini. Mtu akijenga nyumba mwenyewe hawezi kupotea ndani yake hata taa zikizimwa. Wakazipakia, wakazipeleka ukumbini, shangazi akawabariki, akawapigia vigelegele. Jioni ile Bisibisi alitembea kama barabara ni yake.

Wiki ya kwanza hakusikia neno, akadhani kimya ni heri. Katikati ya wiki ya pili kaka aliingia karakana, hakuvua hata kofia.

"Shangazi anarudisha chumba. Amemwambia mwenyekiti aje kesho."

"Kwani wanafunzi hawakuja?"

"Walijaa! Ndicho kinachonichanganya."

Bisibisi hakusubiri. Alifika ukumbini mchana, darasa likiwa tupu, akamkuta shangazi anazifunika kompyuta kwa vitambaa, moja baada ya nyingine, taratibu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mama. Karibu. Usinisaidie, namaliza."

"Mashine zimekufanya nini?"

"Mashine nzuri mwanangu, Mungu akubariki. Mbovu ni mimi."

Bisibisi akavuta kiti, akaketi mbele yake, akamkazia macho. Ikabidi shangazi aseme. Alikuwa amejifunza kompyuta kimya kimya, kwa jirani yake muuza dawa, asije akaaibika mbele ya darasa. Alijifunza kama mpiga chapa, yaani vidole vishike njia bila kukiuliza kichwa. Kufungua hapa, kuhifadhi pale, kutafuta kule. Siku ya kwanza alipoona sura ya mashine alifurahi, akasema haya, tunajuana. Akawafundisha kuandika barua ya kuomba kazi. Wakaandika wote, kinyozi, mwuguzi, na yule kijana waliyemwita Mtaalamu kwa sababu ya kushinda vibanda vya intaneti. Wakahifadhi. Kesho yake barua hazipo. Zote. Akafungua pale anapopajua, peupe. Akabonyeza njia anayoijua, ikampeleka kwingine.

"Mtaalamu akacheka, akasema mwalimu sivyo inavyokuwa. Nikawaambia nisameheni wanangu, nimewaonyesha vibaya. Kila siku iliyofuata vile vile, nikaomba radhi tena. Jana nilisimama mbele yao, nikashindwa kusema hata neno."

"Shangazi..."

"Subiri nimalize." Sauti yake ilikuwa imara, lakini mikono ilikuwa imekishika kitambaa kwa nguvu. "Bibi yako alianza hivi hivi. Alikuwa anaweka chumvi mahali, anakwenda kuitafuta mahali pengine, anaapa ndipo alipoiweka. Tukamcheka. Miaka miwili baadaye hakunijua mimi, mwanawe. Sasa mimi nimeweka barua za watu mahali, nami naapa ndipo nilipoziweka. Naogopa, mwanangu. Naogopa sana. Bora niondoke darasani ningali nawajua wanafunzi wangu kwa majina."

Bisibisi alikuwa ameshaelewa tangu neno "peupe." Barua zilikuwapo, zimelala salama kwenye bahasha nyingine, huko ambako Myepesi siku zote huweka vitu vyake. Ile bahasha ya njano aliichora yeye, kwa mkono wake, na haikuelekea popote. Vidole vya shangazi vilikuwa vinakumbuka sawasawa. Ni mashine iliyokuwa inadanganya, na aliyeifundisha kudanganya ameketi hapa, anaitwa mwanangu.

Angeweza kunyamaza. Dakika chache tu, anazielekeza bahasha, anasema palikuwa na hitilafu ndogo, shangazi anashukuru, na sifa za fundi zinabaki pale pale. Wazo hilo lilimpitia, nalo likamtia kinyaa. Mwanamke aliyemfunza kuandika jina lake alikuwa anaiaga akili yake mwenyewe.

"Shangazi, huumwi. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Hii si ile uliyojifunza kwa muuza dawa. Ni nyingine kabisa. Niliivalisha sura ya ile ili msiogope. Wewe ulikwenda penye ukweli kila mara. Mimi ndiye niliyepahamisha."

Bisibisi akafunua mashine iliyo karibu, akaiwasha, akaanza kuivua mbele ya macho yake. Ikaondoka picha ya nyuma. Likaondoka jina la kuazima, kikaondoka kitufe cha kona, bahasha ya njano ikafutika. Ikabaki sura ngeni, ya kijivu, isiyojidai. Kisha akafungua mahali vitu vinapokaa kweli. Barua zilikuwa humo, kila moja na jina lake, barua ya kinyozi, barua ya mwuguzi, ya Mtaalamu ikiwa na makosa tele.

Shangazi alivaa miwani, akasogea, akasoma ya kwanza mpaka mwisho. Akasoma ya pili. Machozi yakamtoka, akayafuta kwa kile kitambaa cha kufunikia, kisha akamgeukia Bisibisi, na jamani, yule hakuwa tena bibi wa kuaga.

"Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa!" alifoka. "Mimi! Siku zote hizi nalala nikijihesabu mwendawazimu, kumbe mtoto niliyemlea ananifanyia kiini macho?"

"Nisamehe, shangazi."

"Ungeniambia mgeni amekuja, ningemkaribisha kama mgeni! Ningemuuliza jina, ningemjifunza. Nani kakwambia naogopa kujifunza? Nilijifunza taipureta ya mikono, nikajifunza ya umeme, nikajifunza na kichwa chako kigumu! Unaniletea mgeni kavaa nguo za jirani, unataka nimjueje?"

Bisibisi akafunua mashine ya pili, mikono ikifanya kazi badala ya mdomo.

"Na hizo nyingine zivue," shangazi aliamuru. "Zote. Sasa hivi, kabla hawajaja. Na unifundishe huku unavua. Polepole, na usinirukishe kitu."

Wakazivua zote. Kwenye ya mwisho shangazi alimsukuma pembeni akaivua mwenyewe, na alipopotea njia alirudi nyuma, akaikamata. Kisha akamtuma Bisibisi kwa mwenyekiti na maneno haya: asijisumbue kuja, chumba kina kazi.

Aliporudi, darasa lilikuwa limejaa. Wanafunzi walikuwa wanatazama skrini za kijivu na kunong'onezana. Mtaalamu alikuwa amenyoosha mkono, anasema mashine zimeharibika, zimebadilika sura. Shangazi alisimama mbele yao, mgongo umenyooka.

"Hazijaharibika. Hizi ni mashine ngeni, na mimi nimeanza kuzijua leo mchana, kwa hiyo nimewatangulia kidogo tu. Barua zenu zipo zote, nitawaonyesha zilipo. Na jambo moja. Wiki yote niliwaomba radhi. Radhi hizo nazirudisha. Sikukosea."

Mwuguzi, mwanamke wa makamo aliyekuwa hajafungua kinywa tangu siku ya kwanza, akainua mkono.

"Mimi jana nilikwenda nyumbani nikamwambia mume wangu siji tena, kichwa changu hakishiki," alisema. "Barua yangu ilipotea, nikajua ni mimi. Sasa mwalimu, tukikosea tena leo?"

"Tukikosea tutasema tumekosea," shangazi alijibu, huku akimwendea. "Lakini kwanza tuhakikishe ni sisi."

Mwuguzi akavuta kiti karibu na meza, akaweka vidole juu ya kibodi.