Utingo wa Ponsiano

Lori lilikuwa limeinamia mtaroni kama ng'ombe aliyepiga magoti, na mvua ya masika ilikuwa ikilicharaza turubai. Chini ya turubai hilo, juu ya magunia ya mahindi, Fatu wa Sindeni alikuwa akijifungua. Dominiko alisimama nje, matope yamemfika vifundoni, mikono inaning'inia. Mikono hiyo ndiyo iliyolitia lori mtaroni.

Asubuhi walikuwa wametoka Handeni kwenda Korogwe, Ponsiano akiendesha huku akiimba kama ilivyokuwa desturi yake. Walipofika Sindeni, mama mkwe wa Fatu aliwasimamisha. Uchungu ulikuwa umemshika binti tangu jana yake na mtoto hatoki. Tafadhali wampeleke hospitali. Wakampakia. Mbele kidogo, homa iliyokuwa ikimnyemelea Ponsiano ikamwangusha. Meno yaligongana, macho yakamlegea, akawahi kulisimamisha lori, kisha akauegemea usukani asijitambue. Msimu ule wa mvua, njia ile ilikuwa haina gari jingine la kutegemea. Dominiko akamsogeza, akakaa mahali pake, akajaribu kufanya yote aliyomwona akiyafanya miaka nenda miaka rudi. Lori likaguta, likaruka, likapinda, likazimika mtaroni.

Mtoto alizaliwa adhuhuri. Hakulia.

Mama mkwe alishuka taratibu, kanga yake imelowa. Hakukaripia. Alimtazama Dominiko kwa mshangao wa kweli, kama mtu anayeuliza njia.

"Mwanangu, si wewe unayekaa pale mbele pamoja na dereva siku zote?"



Wazazi wake walikuwa manamba, waliotoka Urundi kuja kukata mkonge huko Mazinde, na huko huko walizikwa. Ponsiano ndiye aliyemtoa katika kambi ya mashamba akamfanya utingo wake: kupakia mizigo, kuzungusha hendeli ya kuwashia injini, kuweka kigingi nyuma ya gurudumu mlimani. Walikula sahani moja. Kila kituo palikuwa na watu wa kumwita Ponsiano kwa jina, na kila alipoitwa, naye alimshika Dominiko bega na kusema, "Huyu ni mwanangu. Siku moja usukani wa lori hili utakuwa wake." Watu wakacheka, wakawasogezea kahawa. Mtu asiye na kwao hapimi urefu wa kivuli alichopewa. Hushukuru jua halimchomi. Dominiko alikuwa ameshukuru hadi ndevu zikamwota.

Ponsiano alipopata nafuu, Dominiko alimfuata nyumbani kwake Korogwe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa tule."

Dominiko alikaa, lakini hakunawa. "Mzee, nifundishe kuendesha."

"Nitakufundisha. Mvua zikipungua."

"Ulisema hivyo mvua za mwaka jana."

Ponsiano aliacha kutafuna. "Nimekunyima nini mimi? Chakula? Nguo? Neno jema?"

"Hukuninyima hata kimoja, mzee. Isipokuwa usukani."

Ponsiano alilitazama tonge mkononi mwake, akalirudisha sahanini. Aliposema, sauti yake haikuwa ile ya vituoni.

"Na ukishaupata usukani, Dominiko, utakaa nami kwa ajili gani?"

Swali hilo lilimchoma Dominiko kuliko tusi, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na mapenzi, na mapenzi yenyewe yalikuwa na kufuli. Alimshika mzee miguu, akaaga. Alipofika uani alitumaini ataitwa. Hakuitwa.

Dereva aliyemwendea ni Muhidini wa Mnyuzi, mtu ambaye mautingo walimkwepa kwa ukimya wake. Walisema kupanda lori la Muhidini ni kupanda jeneza. Lakini Dominiko alikuwa amegundua jambo ambalo hakuna aliyelitaja katika soga za kahawa: karibu kila kijana aliyewahi kumkimbia Muhidini alikuwa na leseni.

"Umekuja kufuata nini?" Muhidini alimwuliza.

"Kuendesha."

"Ukishajua utaondoka?"

Dominiko alisita. "Sijui, mzee."

"Utaondoka. Ukibaki, nitajua sikukufundisha. Panda."

Alifundishwa kurudi nyuma kabla ya kwenda mbele, katika uwanja mtupu wa kuanikia katani. Akikosea, Muhidini alisema, "Rudia." Akipatia, alinyamaza. Siku injini ilipokohoa, Dominiko aliuliza sababu. Muhidini alitikisa kichwa. "Mimi barabara ninaijua, injini siijui. Nenda Mazinde kwa fundi wa gereji akufundishe. Usinywe maji kwenye kisima kikavu kwa kunionea haya." Katika miaka yote ya kukaa na Ponsiano, Dominiko hakuwahi kumsikia akisema neno "siijui".

Hata hivyo upweke ulimla. Muhidini alikula peke yake, akaswali peke yake, akalala mapema. Vituoni wale waliokuwa wakimsogezea Dominiko kahawa sasa walimtazama kama mtoto aliyemtupa baba. Krismasi aliikuta njiani, akala muhogo wa kuchoma chini ya bodi ya lori, akisikia ngoma za watu wengine. Mara nyingi alijiuliza kama mtu anaweza kukua bila kuachwa na kila anayemjua. Na kila walipopita Sindeni, alikaza macho mbele.

Siku aliyopata leseni, Muhidini aliishika, akaitazama pande zote mbili, akamrudishia. Kisha akaushusha mfuko wa Dominiko kutoka kwenye lori lake, akaupangusa vumbi, akauweka chini.

"Kuna tajiri anatafuta dereva," alisema. "Nimemwambia utakuja leo."

Ndivyo walivyoagana.

Kiangazi kimoja, miaka kadhaa baadaye, Dominiko alikuwa akipakia pamba Handeni alipomwona Ponsiano amesimama pembeni na kifurushi kwapani. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na tajiri wake alikuwa amemwachisha kazi. Hakuna aliyemwita kwa jina.

"Shikamoo, mzee."

Ponsiano aligeuza kichwa, akaitafuta sauti. "Marahaba. Unashuka Korogwe?"

"Nashuka. Karibu upande."

Mzee alikwenda moja kwa moja mlango wa kulia, ule wa dereva. Aliushika mkono wa mlango, akasimama hivyo kitambo, kisha akazunguka mbele ya lori, kiganja chake kikipapasa boneti, akapanda upande wa pili.

Waliondoka. Walipofika kwenye mteremko mrefu, alisikia kishindo hafifu kando yake, akatupa jicho. Mguu wa Ponsiano ulikuwa ukikanyaga sakafu tupu, kwa nguvu, pahali pasipo na breki.

Njia ilikuwa kavu na nyeupe, haina mtu. Dominiko akapunguza mwendo, kana kwamba ni mguu ule uliokanyaga breki.